Kuvuta Deraya Chini ya Kijiji cha Mama

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani kwamba mbele ya safari nitageuka shujaa. Nimewahi kuogopa mbwa, nimeogopa sindano, nimeogopa hata jogoo wa jirani aliyekuwa na tabia ya kudonoa watu miguuni. Lakini hofu hizo zote ukizijumlisha hazifiki nusu ya ile niliyoipata mwaka ambao jeshi lilipanda mlimani, nami nikapandishwa nalo nikiwa na suruali yenye matundu ya cheche.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kuchomelea vyuma mjini Kitale, upande wa kuelekea Kipsongo. Riziki yangu ilikuwa plau. Wakulima wa mahindi waliniletea plau zilizokatika shingo na trela za trekta zilizopasuka mahali pa kufungia, nami nazishona. Wenzangu walichomelea milango na madirisha, kazi nyepesi na safi. Mimi nilijulikana kwa chuma kinene, na jina hilo ndilo lililoniponza.

Mama yangu hakuwa Kitale. Alikuwa juu kwenye miteremko ya mlima, upande wa Bungoma, ukishapita Kimilili na lami ikakuishia. Nilikuwa nimemsihi mara nyingi ashuke aje tukae pamoja. Huko juu walikuwako watu wa msituni, waasi wenye silaha, waliofika nyumbani kwa mtu wakisikia ameongea na askari. Na sasa walikuwako wanajeshi, waliofika nyumbani kwa mtu wakisikia ana ndugu msituni. Mama alinijibu kwamba amepanda maharagwe na hawezi kuyabeba mgongoni. Kisha simu yake ikazimika. Wiki tatu nzima nilipiga na kupiga, na kila mara niliambiwa kwamba mteja hapatikani.

Sisi vijana wa mlimani tuliokuwa tukifanya kazi mjini tulianza kuwa watu wa kwingine. Huyu alisema kwao ni Webuye, yule alisema ni Kiminini, popote palipo tambarare. Wenzetu kadhaa walikuwa wamechukuliwa na jeshi kuhojiwa. Wengine walirudi baada ya siku mbili wakiwa wakimya, wengine tulikuwa bado tunawangoja. Basi nami nilijichagulia Kiminini, kwa sababu niliwahi kupanga chumba huko na nilijua majina ya maduka.

Asubuhi moja lori la jeshi lilisimama mbele ya kibanda changu. Aliyeshuka alikuwa sajini, mtu mzima mwenye mvi kwenye masharubu, mikono imejaa grisi kama yangu. Aliuliza kama ndimi yule fundi wa plau. Nilitamani kusema hapana. Lakini jina langu la kazi lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kichwa changu, nikakubali.

Walinipeleka nje kidogo ya mji, mahali trela ndefu ilikuwa imeegeshwa karibu na maghala ya mahindi. Juu yake palikuwa na kitu ambacho kwa kukiona tu nilirudi nyuma hatua moja. Kilikuwa na mwili wa kifaru na minyororo ya kifaru, lakini mzinga hapana. Mahali pa mzinga palikuwa na kreni iliyolala, tumboni mlikuwa na winchi yenye waya wa chuma mnene kama kifundo cha mkono wangu, na upande mmoja lilining'inia jembe pana la chuma. Hilo jembe ndilo lililokuwa mgonjwa. Mkono wake mmoja ulikuwa umepasuka, ufa unaoingia ukucha.

Sajini alinieleza kwamba gari hili ni la kuvuta magari mengine ya vita. Deraya ya kubebea askari ilikuwa imezama kwenye matope ya kijito huko juu, siku ya pili sasa, na askari wake walikuwa wamekaa kuilinda. Jembe hukitwa ardhini lipate kushika, kisha winchi inavuta. Bila jembe, gari la kuvuta lingeteleza kwenda kukutana na lile lililozama, na karakana yao yenyewe ilikuwa mbali.

Nilimwambia chuma kama hiki hakitaki haraka. Ukikichomelea kikiwa baridi kinapasuka tena kando ya mshono, mahali usipotazama. Niliwasha makaa nikaupasha mkono ule joto, nikachomelea safu juu ya safu, nikaufunika kwa jivu la moto upoe polepole. Kungoja jivu lipoe ni kazi ya kukaa tu, kwa hiyo tulikaa, na hapo sajini akaongea. Alisema amelifanyia kazi gari hilo miaka mingi na halijawahi kupiga mtu risasi. Nilimuuliza kwa nini basi wahangaike, si waliache lile gari la deraya litafunwe na kutu.

"Ukiliacha, umeacha redio, umeacha bunduki, na kesho adui anapiga picha akikaa juu yake," alisema. "Lakini hiyo ni kitu kidogo. Askari akijua akikwama hakuna mtu atakuja, hataenda mbele. Atasimama hapo kwa lami na wewe utamwambia nini?"

Nilimpenda kidogo kwa maneno hayo, na ningempenda zaidi kama angenilipa akaniacha. Badala yake aliutazama mshono, akaugonga kwa nyundo, akaniambia nipande. Kama ungeachia njiani, nani angeushona tena? Jenereta na mashine yangu vilikuwa vimeshapakiwa kwenye lori.

Ndipo akaja luteni, kijana mwembamba mwenye daftari, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alitaka kujua kwetu ni wapi. Nikasema Kiminini. Akauliza kama nina watu huko juu mlimani.

"Sina, afande."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Aliandika. Ninakumbuka kalamu ilivyosita karatasini, wino ukikataa kutoka, na yeye akirudia juu ya maandishi yaleyale. Nilijiambia kwamba nimesema neno dogo la kujiokoa, kila mtu analisema, na kwamba mlima ni mkubwa, hawawezi kuwa wanaenda kijiji cha mama.

Walikuwa wanaenda kijiji cha mama. Nililijua tulipoacha lami na kukata kona ya kanisa, kwa sababu ile kona nimeipita tangu nikiwa nabebwa. Trela ilikuwa imebaki chini, na gari la kuvuta lilipanda kwa minyororo yake, likiitafuna barabara. Mimi nilikuwa ndani. Ndani ya gari lile huoni kitu; unasikia tu injini ikinguruma kwenye mifupa yako, na harufu ya dizeli inakukaa kooni. Kila nilipohisi tumeinama kulia nilijua ni pale kwenye mti uliopigwa na radi, tukiinama kushoto nilijua ni kwa yule mzee wa kahawa. Niliomba Mungu kila aina ya ombi, mengine ya kijinga. Niliomba mvua, niliomba gari liharibike, niliomba nipate homa.

Mungu alinipa mvua tu. Tulipofika kwenye kijito ilikuwa ya manyunyu, baridi ya kule juu ikapenya fulana yangu, na sajini akiniona natetemeka alinirushia koti la jeshi. Nililivaa bila kufikiri. Naapa sikufikiri. Mtu akipigwa na baridi anafunga vifungo.

Deraya ilikuwa imelala kwa ubavu kwenye matope, magurudumu ya upande mmoja hayaonekani kabisa. Askari kama kumi walikuwa wameizunguka, macho mekundu, buti zimejaa maji. Walikuwa watoto. Nilitegemea kuogopa sura zao, lakini kilichonitisha ni kuona kwamba wao pia walikuwa wakiogopa. Mwoga mwenye bunduki ni mtu mbaya sana, na mimi nawajua waoga.

Sajini alipanga kazi yake bila kelele. Alilipandisha gari juu ya kijito, akalishusha jembe likazama kwenye udongo mwekundu, waya ukavutwa ukafungwa kwenye deraya. Kisha akahesabu hatua akiutembea waya wote, akatuonyesha umbali ambao hakuna mtu kukaribia. Waya ukikatika unarudi kwa nguvu, alisema, na unakata mtu kama bua la mahindi. Wakatandaza magunia yaliyolowa juu yake ili ukikatika uanguke chini. Mimi niliwekwa kwenye jembe, nyuma ya bamba la chuma, niutazame mshono wangu na nipige kelele nikiona kitu.

Winchi ikaanza. Waya ulinyooka, ukalia. Deraya ikajitikisa, ikatoa gurudumu moja, na injini yake yenyewe ikaanza kupiga mayowe kwenye matope, ule mlio mrefu wa gari linalohangaika, unaosikika mpaka kilima cha pili. Mlio ule ndio ulionifanya nigande. Nilikuwa nimehangaika na mshono na koti na daftari la luteni, nikasahau jambo ambalo mtoto yeyote wa kijiji kile analijua.

Kwetu gari likilia matopeni, watu wanatoka. Haijalishi ni gari la nani. Barabara ile ni moja na ni mbaya, na mahindi yako yatapita hapo, na mgonjwa wako, na jeneza lako. Ukisikia mlio unaacha ulichoshika. Wanaume wanachukua majembe ya kufukua magurudumu na nguzo ndefu za kunyanyulia, wanawake wanachukua panga, wanakata matawi njiani ya kutandika chini ya matairi, na wanashuka wakiimba ili dereva ajue msaada unakuja. Nimewahi kuona gari la mtoza kodi likisukumwa hivyo, na watu wakimlaani mwenyewe huku wanasukuma. Asiyetoka anakumbukwa, na siku yake ikifika anakwama peke yake.

Na sasa niliwaona wakitokea kwenye ukingo wa shamba, juu yetu. Walikuwa ishirini hivi, wengi wao wanawake na wazee, maana vijana walikuwa hawapo. Walishuka kwa haraka kwenye kijia kinachokatiza palepale waya ulipokuwa umenyooka. Wazee wamebeba nguzo mabegani, na kwa mbali, kwenye manyunyu yale, nguzo begani mwa mtu ni bunduki. Wanawake wameinua panga na matawi. Aliyekuwa mbele, gauni limefungwa kiunoni, panga mkononi, alikuwa mama yangu.

Askari mmoja alisema neno, na bunduki zote kumi zikainuka. Luteni aliwapigia wanakijiji kelele wasimame. Hawakumsikia, injini mbili zilikuwa zinanguruma na wao walikuwa wanaimba. Sajini asingeweza kuuachia waya, kwa sababu deraya ilikuwa imetoka nusu na ingerudi kinyumenyume juu ya askari waliokuwa chini yake. Mtutu wa askari aliyekuwa karibu nami ulikuwa unachora duara hewani. Nilimtazama mama ndani ya duara lile.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia nikajitupa mbele yake. Nilibaki pale pale, nimeshika bamba la chuma kwa mikono miwili. Na aibu yangu kubwa si kwamba niliogopa bunduki. Nilikuwa nawaza lile daftari. Nikisema najua watu hawa wanafanya nini, luteni atauliza nimejuaje. Nilipiga hesabu hiyo wakati mama yangu anatembea. Hatua tano, labda sita, alizitembea nikiwa napiga hesabu.

"Afande," nilisema mwishoni, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Wanakuja kusukuma."

Luteni hakugeuka. "Nini?"

"Ni kusukuma gari tu. Zile panga ni za matawi. Angalia, wamebeba matawi."

Hapo aligeuka. "Wewe umejua aje?"

"Hata kwetu Kiminini ni hivyo, afande."

Aliwatazama tena wale watu, akayaona matawi. Kisha akainua mkono, na bunduki zikashuka, si chini kabisa, usawa wa kiuno. Sajini alikuwa ameshamwachia mwenzake winchi. Aliuzunguka mwisho wa waya, akapanda kijia mikono imepanuliwa kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Mama alisimama hatua chache kabla ya magunia. Aliziona bunduki, nadhani kwa mara ya kwanza. Aliinama akaliweka panga lake majanini, taratibu, na wote nyuma yake wakaweka yao, na nguzo, na majembe.

Mama alimwambia sajini kwamba wamesikia gari likilia tangu jana na jana walijifungia. Leo wameshindwa kukaa. Sajini alivua kofia. Aliwaeleza habari ya waya, akawaomba wangoje mbali. Wakangoja, wakinung'unika, kwa maana gari kuvutwa na gari mwenzake watu wakiwa wamekaa kitako lilikuwa jambo la kuwadharau. Deraya ilipofika kwenye ukingo na waya ukalegezwa, aliwaruhusu wakatandika matawi yao chini ya magurudumu ya mbele. Wakaweka mabega. Wale askari watoto nao waliweka mabega, kando ya wanawake, na deraya ikatoka. Mshono wangu ulikuwa haujafunguka hata unywele. Sikusikia furaha yoyote.

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya jembe, kichwa chini, najifanya nagonga uchafu kwenye mshono. Lakini kijia cha kurudi kijijini kilipita pale. Walinipita mmoja mmoja. Mzee mmoja aliyenifundisha kuendesha baiskeli alinitazama usoni, akatazama koti, akageuza macho kama anayepita mtu anayejisaidia kichakani. Hakuna aliyenisalimia. Kisha mama akafika, akasimama.

Alikuwa amekonda. Matope yalikuwa yamemfika magotini. Alinitazama kupita kiasi, na sajini aliyekuwa akikunja magunia aliliona.

"Mama," aliuliza kwa upole tu, "huyu fundi unamjua?"

Luteni aligeuza shingo. Watu waliokuwa wametangulia walisimama kijiani, na wote hawakumtazama mtu ila mama. Nilikuwa na nafasi. Mdomo ulikuwa wangu, haukuwa umefungwa na mtu, na neno lenyewe ni fupi, mtoto analijua kabla ya meno. Nilitazama mshono.

"Huyu?" mama alisema. Alinitazama tena kuanzia viatu, akapanda kwenye vifungo vya koti, mpaka usoni. "Hapana. Hapa hatujawahi kumuona."

"Huyo ni wa Kiminini," luteni akasema.

"Aa. Basi ametoka mbali."

Alichukua panga lake kwenye majani, akalifuta kwa upindo wa gauni, akaanza kupanda. Wenzake nao wakageuka wakaendelea. Alikwenda hatua kama nne, kisha akasimama, akanirudia mpaka karibu, karibu kuliko mgeni anavyomkaribia mgeni. Nilimsikia akihema kwa ajili ya kile kilima.

"Fundi," aliniambia, "si ukifika kwenu usalimie mama yako."

Nikamwambia nitamsalimia.